Saruji Isiyokauka

Shuka za loji zilikataa kukauka.

Teresa alizigusa jua lilipokuwa utosini, akaona labda ameharakisha. Akarudi kwenye beseni, akasugua nyingine, akasuuza, akakamua hadi vifundo vya mikono vikamuuma, kisha akaenda kuzigusa tena. Zile alizoanika kwenye kamba zilikuwa kavu kama karatasi. Zile alizotandaza juu ya kaburi zilikuwa bado zinachuruzika maji, na huo ulikuwa mwezi wa Februari, kipindi ambacho Juba hata mate hukauka kabla hayajafika chini.

"Nyariek!" aliita. "Njoo uone maajabu."

Nyariek, aliyepanga tukul, nyumba ya msonge, upande wa pili wa ua, alikuja na mwiko mkononi. Alikulia Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi kule Kenya, na hakuna neno lililomtoka bila mzaha kulifuata.

"Mama Lilly, siku hizi unafulia mafuta? Hii shuka inanuka chapo."

Teresa aliipeleka puani. Kweli. Chini ya harufu ya sabuni kulikuwa na harufu ya unga, mafuta ya moto na kitunguu. Harufu ya chapati ya mayai, ile ambayo Waganda huiita rolex. Na tangu Sanyu, mpangaji mwenzao, aondoke, hakuna mtu aliyekaanga chapati katika ua ule.

"Usiseme kitu," Teresa alimwambia.

"Mimi? Sijasema. Ni pua ndio imesema."

Kaburi lilikuwa katikati ya ua, bamba pana la saruji, mahali pekee pasipokuwa na vumbi jekundu la mtaa wa Gudele. Kuanika nguo juu yake hakukuwa dhambi. Watu wa Juba hulala na wafu wao nyumbani. Huketi juu yao wakipunga upepo jioni, huanika mtama wao hapo. Aliyelala pale, walivyoambiwa, alikuwa baba yake Arkangelo. Na Arkangelo ndiye aliyekuwa mwenye ua, mwenye loji ya mtaa wa Hai Amarat ambayo Teresa alifua shuka zake, na mwenye kiti cha mbele kanisani.

Mzee huyo aliletwa muda mfupi kabla ya Krismasi. Tangu amani itiwe sahihi watu walikuwa wanarudi na mifupa ya watu wao: wengine kwa ndege kutoka Khartoum, wengine kwa lori kutoka kambi za Uganda. Arkangelo alikuja na jeneza lililopigiliwa misumari, limemwagiwa marashi hadi macho ya watu yakatoa machozi kabla ya kilio kuanza. Teresa ndiye aliyeongoza nyimbo. Katekista Duku aliomba, na alipouliza kama kuna aliye na ombi lake, Teresa aliinua mkono. Aliomba kanisa limkumbuke Sanyu, yule msichana wa Kiganda aliyepanga nao hapo uani, aliyekuwa ametoka kwenda kazini kwenye loji juzi yake na hakurudi. Watu wakasema amina. Wakasema amina wakiwa wameizunguka saruji mbichi.

Na saruji hiyo, tangu Krismasi, ilikuwa bado mbichi.

*

Arkangelo alifika kesho yake asubuhi, amevaa suruali yenye mkunjo mkali, akashuka kwenye pikapu yake nyeupe. Lilly, binti pekee wa Teresa, alikimbia kumletea kiti.

"Mama Lilly, salaam taki."

"Salama, bosi. Karibu."

Alinyanyua shuka moja kwa vidole viwili. "Ya mama, hii ni shuka ama kitambaa cha jikoni? Mgeni wangu mmoja, mtu wa shirika, mzungu mzima, ananiambia usiku kucha anaota chapati."

"Ni kaburi, bosi. Saruji ya mzee haikauki. Nikitandaza nguo pale..."

"Unatandaza nguo juu ya baba yangu?" Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini machoni likatoweka. "Mnatoka kambini bila hata sahani, nawapa mahali pa kulala, halafu baba yangu mnamfanya kamba ya nguo. Hivyo ndivyo mlifundishwa huko Adjumani?"

"Nisamehe, bosi."

"Sikusikia."

"Nimesema nisamehe." Teresa alilisema tena mbele ya binti yake, akitazama vidole vyake vya miguu.

"Kalas. Imepita." Akamgeukia Lilly, sauti ikawa asali. "Binti yangu, Jumapili tunafanya karama ya baba, tunamaliza matanga, kanisa zima litakula hapa. Jumatatu unaanza kazi. Utalala kule kule loji, wasichana wangu wote hulala huko. Ona, nimekununulia blauzi."

Ilikuwa blauzi nyeupe, mikono mifupi, kola ya duara. Lilly aliibana kifuani akacheka. Alikuwa amemaliza shule kule Uganda, na tangu warudi alikuwa amezunguka ofisi za Amarat hadi soli za viatu zikaisha, akiambiwa kila mlango arudi kesho.

"Nafasi ya Sanyu?" Teresa aliuliza.

"Usinitajie huyo. Alibeba kila kitu chake, hata sabuni ya wageni, akapanda basi la Kampala bila kuaga. Na kabla yake yule Achai, mpika chai, vivyo hivyo. Nikasikia kapanda tishari pale bandarini, kaenda Malakal kwa mwanaume. Wasichana wa siku hizi hawana shukrani." Akampigapiga Lilly begani. "Huyu ana mama mcha Mungu. Huyu hatanikimbia."

Alipoondoka, Teresa alimfuata kwa macho. Kuna jambo alilokuwa ameliona kwa wiki kadhaa bila kulipa jina. Mtoto akiingia ua alimozikwa baba yake, kabla hajamsalimu aliye hai, huweka kiganja juu ya kaburi na kumtaja mzee kwa jina. Hata walevi hufanya hivyo. Arkangelo alikuwa amepita mbali na lile bamba, amekwenda ukingo wa ua, karibu akwaruzwe na miiba ya uzio, ili asilikaribie.

"Mama, ona, inanitosha!" Lilly alisema.

"Hiyo si mpya. Kola imefuliwa mara nyingi."

"Mitumba nayo si nguo? Mama, tafadhali. Mara moja tu, furahi."

Teresa akaichukua, akaifua, akaianika kwenye kamba. Kwenye kamba, aliweka vibanio viwili kwa mkono wake mwenyewe.

*

Aliyebisha mchana huo alikuwa mwanamke mnene, amevaa gomesi, gauni la Kiganda, lililojaa vumbi la safari.

"Nyabo, nisaidie. Mimi iko natafuta dada yangu, anaitwa Sanyu. Mimi ni Kevina, natoka Masaka. Huko loji walinifukuza kama mbwa, walisema Waganda wote tunafanana. Lakini mlinzi alinionea huruma, akasema alikuwa nakaa hapa Gudele."

Teresa alimpa maji, akampa kiti. Akamwambia alichoambiwa: basi, Kampala, bila kuaga.

"Hapana," Kevina alisema. "Sanyu hawezi kupita Masaka bila kuona mama. Mama ni mgonjwa. Kila wiki alikuwa napiga simu, halafu, kimya..."

Hakumaliza. Kikombe kilimtoka mkononi. Alikuwa anatazama kaburi.

Blauzi haikuwa kwenye kamba. Vibanio vilikuwa bado vimeuma kamba, vimebana hewa. Blauzi ilikuwa imelala juu ya saruji, imetandazwa vizuri, mikono miwili wazi, kama mtu aliyelala chali. Na hakukuwa na upepo. Siku ile hata jani la mwarobaini halikutikisika.

"Hii nimeshona mimi," Kevina alisema polepole. "Mimi ni fundi wa nguo. Hii nimeshona mimi, nyabo. Geuza kola. Ndani niliweka uzi mwekundu, msalaba mdogo, ili Mungu amchunge barabarani."

Teresa aligeuza kola. Msalaba ulikuwapo, mdogo kama punje ya ufuta.

Nyariek alikuwa amesimama mlangoni pake. Lilly alijifunika mdomo. Ndipo wakasikia wote wanne, kutoka chini ya bamba, kwa mwendo ule ule wa kila mchana wa siku zile Sanyu alipokuwa hai, viganja viwili vikilitandaza donge la unga: pa, pa, pa. Kimya. Pa, pa, pa.

Kevina hakupiga kelele. Alipiga magoti. "Sanyu," aliita kwa Kiganda, maneno ambayo Teresa hakuyaelewa isipokuwa jina. Sauti ikakoma.

"Mama," Lilly alinong'ona, "kazi ile..."

"Kazi gani?" Teresa alisema, na sauti yake ilimtisha yeye mwenyewe. "Kazi gani, Lilly? Ya kuvaa nguo ya maiti?"

*

Polisi waliwaweka juani hadi saa sita. Walipoitwa ndani, sajini alikuwa anakula samaki. Hakuacha.

"Mganda?" aliuliza.

"Ni mtu," alisema Teresa.

"Nimeuliza kama ni Mganda."

"Ndiyo, afande," Kevina alisema.

"Basi amerudi Uganda. Nenda umtafute Uganda." Akatoa mwiba mdomoni. "Hawa wasichana wa loji, leo yuko na dereva huyu, kesho yuko na yule. Wewe dada mtu hujui? Ama na wewe umekuja kutafuta dereva?"

Askari wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Kevina aliinamisha kichwa. Teresa aliona tone la jasho, ama chozi, likidondoka kwenye gomesi lake.

"Afande, kuna kaburi," Teresa alisema. "Halikauki. Kuna blauzi yake, alipewa binti yangu na bwana Arkangelo kwa mkono wake. Na tunasikia..."

"Mnasikia nini?"

Teresa alijua akilisema watamcheka, na alilisema. "Chapati."

Walicheka hadi sajini akakohoa. "Ya mara, wewe mwanamke, unataka nimfukue baba wa mtu mkubwa kwa sababu kaburi linapika chapati? Huyo mtu anatununulia mafuta ya gari hapa! Hiyo blauzi, ilete, nitaiweka."

"Nitampa hakimu," Teresa alisema.

"Utampa nani?"

"Hakimu, afande."

Kicheko kiliisha. Sajini akarudi kwa samaki wake.

Njiani Lilly, aliyekuwa amewangoja nje, alilipuka. "Atatutoa kwenye nyumba, Mama. Umefikiria? Tutakula nini, maombi?"

Teresa aliongeza mwendo. Alikuwa anatembea huku anasali, lakini haikuwa sala ya upole. Alikuwa anamuuliza Mungu, wazi wazi, kama mtu anavyomuuliza jirani aliyeona mwizi na kunyamaza: Wewe ulikuwa wapi tulipokuwa tunaimba? Sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko zote. Kwa nini hukuniziba koo?

Kisha, karibu na pale wanapouza mkaa, alisimama ghafla. Alikuwa amekumbuka uzito.

*

Jumapili ua ulijaa. Ng'ombe alikuwa amechinjwa, masufuria yanatokota, wanakwaya wamevaa majoho, viti vya plastiki vimekodishwa. Arkangelo alikuwa na suti nyeusi. Alipoona shuka zimeondolewa juu ya kaburi alimwashiria Teresa kwa kichwa, kama bwana anavyomsifu mbwa aliyekaa chini.

Katekista Duku alisoma sala, akafunga kitabu. "Sasa mtoto aweke mkono juu ya baba yake, amtaje jina, tule."

"Omba tu, Katekista," Arkangelo alisema. "Watu wana njaa."

"Ni kawaida yetu, Arkangelo."

"Jua ni kali. Saruji ni moto, itaniunguza."

"Moto?" Nyariek alidakia kutoka kwenye masufuria. "Bosi, hiyo kitu iko maji tangu Krisi! Hata bata anaweza kuogelea."

Watu wakacheka. Arkangelo naye akacheka, ila amechelewa kidogo. Ndipo Teresa alipoinuka kutoka katikati ya akina mama.

"Weka mkono, bosi."

"Mama Lilly, kaa chini."

"Nitakaa. Weka mkono kwanza."

Kicheko kilikatika. Teresa alikuwa na ile hasira ambayo inapoanza kutoka hairudi tena ndani.

"Mimi nimemzika mume wangu mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza Adjumani, mara ya pili nyumbani. Nilimleta mwenyewe, kwenye gunia safi, nimempakata juu ya lori mpaka Nimule, mpaka hapa. Mwanaume aliyekuwa ananibeba akinivusha mto. Alikuwa mwepesi kuliko mtoto wa kunyonya. Mifupa haina uzito, jamani. Wangapi hapa wamebeba mifupa?"

Mikono iliinuka, mmoja mmoja, hadi ikawa mingi.

"Basi Duku, ndugu yangu. Wewe ulishika mbele ya jeneza lile. Lilikuwaje?"

Katekista alitazama viatu vyake. "Lilikuwa zito," alisema. "Tulilishusha mara mbili kupumzika."

"Na mifupa ya miaka mingi, marashi ya nini?"

"Huyu mwanamke amerogwa!" Arkangelo alipiga kelele. "Nimemlisha, nimemvisha, leo anatukana baba yangu mbele ya kanisa! Toka! Toka kwenye ua wangu sasa hivi!"

"Natoka. Weka mkono."

Hakuweka. Watu wote waliona hakuweka. Aliyeweka alikuwa Kevina, aliyetoka taratibu ndani ya tukul ya Teresa akapita katikati ya majoho ya kwaya bila kumwangalia mtu. Alipiga magoti akaweka kiganja juu ya saruji ambayo jana yake, licha ya maji yake, Teresa alikuwa ameigonga kwa jembe na jembe likaruka. Mkono ukazama. Ulizama hadi kwenye kifundo, hadi kwenye kiwiko, kama vile unavyozama kwenye unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Kevina alichota, akaweka pembeni. Akachota tena. Harufu ya chapati ilijaa ua hadi ikazidi harufu ya nyama, na kutoka chini, mbele ya masikio ya kanisa zima, mchana kweupe, ikaja sauti: pa, pa, pa.

Mwanakwaya mmoja alianguka. Wengine wakakimbia. Duku hakukimbia, alivua joho, akachukua sepetu.

Walipong'oa misumari hawakukuta mzee. Walikuta msichana mwenye nywele za kusuka, amevaa sketi na sidiria, juu hana nguo nyingine. Kevina alivua kitambaa chake cha kichwa akamfunika kifua, polepole, kama anayeogopa kumwamsha.

Polisi walikuja haraka siku ile, maana waliitwa na Arkangelo mwenyewe. Walimfungulia mlango wa mbele wa gari. Sajini alimshikia koti.

*

Jumatano Arkangelo alikuwa nje.

Alidanganywa, alisema. Kule Adjumani kuna matapeli wa mifupa. Walimpa jeneza lililofungwa, yeye angejuaje? Aliyemwua msichana yuko Uganda, kesi iko Uganda. Na sajini aliliambia hivyo lile kundi la akina mama waliokwenda kuuliza, akaongeza kwamba blauzi ni maneno ya wanawake, yeye hajaiona.

Kevina alikuwa bado yupo. Maiti ilikuwa hospitalini na kila mtu aliyemwuliza alimwambia amwone mwingine. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tukul, anamsuka Lilly nywele ili mikono iwe na kazi. Teresa alikuwa anafunga vitu vyao kwenye magunia, maana ilani ya kuhama ilikuwa imeletwa kwa mdomo na mlinzi wa loji. Shimo lilikuwa limefukiwa nusu. Kandokando yake ile saruji aliyoichota Kevina ilikuwa imebaki rundo, mbichi vile vile, inang'aa juani. Na juu ya rundo ilikuwa blauzi. Teresa alikuwa ameiweka ndani ya sanduku. Hakujisumbua kuuliza ilitokaje.

Pikapu ilisimama. Arkangelo alishuka peke yake.

"Mama Lilly," alisema kwa upole. "Mimi si mtu wa kisasi. Chukueni muda wenu kuhama. Nataka tu kile kitambaa, ni mali ya loji."

"Kipo pale," Teresa alisema. "Hakijakauka."

Aliitazama blauzi, akatazama barabarani, akawatazama wanawake. Hakukuwa na mwanaume karibu. Akachukua hatua tatu za haraka, akainama, akaishika kola.

Haikunyanyuka. Akavuta, akateleza, akaweka kiganja kingine chini ili asianguke. Na saruji ile iliyokuwa imekataa jua la Januari na jua la Februari, iliyoloweka shuka na magodoro na ndoto za wageni, sasa ikakauka. Waliisikia ikikauka, mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga. Ikageuka nyeupe kuanzia pembeni kuja katikati, ikamfunga vifundo vyote viwili, akabaki amepiga magoti, mikono imezama, uso umeinamia msalaba wa fundi wa Masaka ulioshonwa kwa uzi mwekundu.

"Nitoeni," alisema. Kisha akapiga kelele. "Nitoeni! Leteni nyundo!"

Majirani walitokea. Nyariek, mwiko mkononi, alileta kigoda, akakiweka karibu, akakaa.

"Pole, bosi," alisema. "Jua ni kali. Saruji ni moto. Itakuunguza."

Akina mama wa kanisa walikuja mmoja mmoja, wakaketi chini kumzunguka, kama walivyoketi siku ile ya kilio. Duku alifika na nyundo begani, akamtazama Teresa.

"Bado," Teresa alimwambia. Alimwendea Arkangelo akachuchumaa mbele yake, karibu, akaona jasho likimtiririka puani, akaona kwamba ni mtu wa kawaida tu, mwenye pua na meno, na hasira yake haikupungua kwa hilo, iliongezeka.

"Umeweka mkono hatimaye," alisema. "Sasa, kawaida yetu unaijua. Taja jina la aliyelala hapa."

"Mama Lilly, nakuomba..."

"Sikusikia."

Alilia. Alitukana kwa Kiarabu. Alimwita Mungu, akamwita sajini. Jua halikusogea. Mwishowe akalisema, kwa sauti ndogo, midomo karibu iguse saruji.

"Sanyu."

"Wengi wamesikia?" Teresa aliuliza bila kugeuka.

"Tumesikia," akina mama walijibu.

Duku aliinua nyundo, lakini saruji haikulegea, wala Arkangelo hakuinua kichwa. Midomo yake ilikuwa bado inachezacheza, kama inayovutwa na kitu kutoka chini.

"Achai," alisema.

Nyariek aliposikia jina la yule mpika chai aliinuka kwenye kigoda. Mwiko ulimdondoka.

Kisha, bila kuulizwa na mtu, Arkangelo akataja jina la tatu, jina ambalo hapo uani hakuna aliyelijua, na kutoka pembe ya ua, kwenye sakafu ya choo kipya alichowajengea wapangaji wake mwaka jana, wakasikia: pa, pa, pa.